Mabel Normand hakuwa msindikizaji wa Chaplin

Ukimtaja Charlie Chaplin, hata mtoto atakuonyesha kofia, mkongojo na ule mwendo wake wa miguu ya kutanuka. Ukimtaja Mabel Normand, mwigizaji na mwongozaji wa filamu zisizo na sauti, watu wanatazamana. Jambo hili linaniuma, maana filamu ya kwanza kupigwa Chaplin akiwa ndani ya mavazi hayo, *Mabel's Strange Predicament* ya 1914, iliongozwa na Mabel. Nyota wake pia alikuwa Mabel. Chaplin alikuwa mgeni studioni, analipwa acheze mlevi wa hotelini.

Itazameni. Mabel amefungiwa nje ya chumba chake akiwa na nguo za kulalia, anaishia kujificha uvunguni mwa kitanda cha watu. Katika studio ya Keystone, iliyoanzishwa na Mack Sennett mwaka 1912, kuchekesha kulimaanisha kukimbia, kuanguka na kupigana mateke. Mabel aliyaweza yote hayo, lakini alikuwa na kitu cha ziada: aliiacha kamera imwone akifikiri. Wazo linaingia machoni kwanza, halafu mdomoni, ndipo mwili unafuata. Filamu haina sauti, na bado unajua anachotaka kusema.

Miezi michache baadaye aliongoza *Mabel at the Wheel*, na hapo Chaplin akagoma. Alitaka kuongeza kichekesho cha mpira wa kumwagilia maji, Mabel akakataa, na Chaplin akakaa chini barabarani asifanye kazi. Katika kitabu cha maisha yake alikiri kwamba hakuamini binti mdogo kama yule angeweza kumwongoza. Mimi nampenda sana Chaplin, lakini hapa alikosea. Huyo binti alikuwa ameshaigiza filamu nyingi kabla yeye hajasimama mbele ya kamera, na majina ya filamu zenyewe yalibeba jina lake kwa sababu watazamaji walikuja kumtazama yeye. *Mickey*, iliyotoka 1918, ilijaza majumba ya sinema Marekani.

Kisha ukaja mwaka 1922. Mwongozaji William Desmond Taylor alipigwa risasi nyumbani kwake Los Angeles, na Mabel, rafiki yake, alikuwa ametoka pale muda mfupi kabla. Hakushtakiwa kamwe. Magazeti hayakujali hilo. Roscoe Arbuckle, aliyeigiza naye mara nyingi, naye alikuwa mahakamani kwa kesi nyingine, na baadaye aliachiwa huru. Filamu zake Mabel zikaanza kupigwa marufuku hapa na pale. Alikufa kwa kifua kikuu Februari 1930, akiwa na miaka 37.

Hadi leo makala nyingi kumhusu huanzia kwenye mauaji yale, kana kwamba hakufanya kazi siku hata moja. Mimi ningependa mtu aanzie kwenye *Mabel's Blunder* ya 1914, aliyoiandika na kuiongoza mwenyewe, na ambayo Marekani iliiingiza mwaka 2009 katika orodha ya filamu zake za kuhifadhiwa. Humo Mabel anamwona mchumba wake akikumbatiana na mwanamke asiyemjua. Wivu unamwaka, anavaa nguo za dereva, anashika usukani na kuwafuatilia huku akijikaza uso usimsaliti. Kumbe yule mwanamke ni wifi yake mtarajiwa.