Mwenye kilo 104 hana faulo

Hivi jamani, ni mi peke yangu au na nyie mmechoka na hawa watu wa kujiangusha kwenye basketi? Maana mi nimefika mwisho. Kuna jamaa tunacheza naye kila Jumamosi, jina simtaji, tumwite Karatasi, kwa sababu ukimpumulia tu kapeperuka.

Sikiliza hii. Niko chini ya kikapu, nimempa mgongo, nadunda mpira mara moja, mara ya pili nageuza bega nitupie, bega lenyewe halijagusa hata jezi yake, nasikia "AAAAH!" kama mtu kamwagiwa uji wa moto, nageuka namkuta yuko hewani, mikono juu, kichwa nyuma, anatua kwa makalio, anateleza mita mbili nzima, na hapa sasa ndo penye utamu, kabla hajamaliza kuteleza jicho moja limeshafunguka linamtafuta refa alipo. Jicho moja tu! Lingine bado linaumia. Filimbi ikilia anainuka anapiga makofi na kuwaambia wenzake twende twende. Filimbi isipolia anainuka hivohivo, kapona, tena anakimbia kuliko sisi tulio wazima.

Sasa njoo kwangu. Mi nina kilo 104, nikigongwa sianguki, ndo nilivyoumbwa, sina la kufanya. Nashikwa mkono, navutwa jezi mpaka inabadilika saizi, mmoja alishaning'inia shingoni kwangu kabisa kama tai ya harusi, nimetupa mpira naye yuko hapohapo anabembea, refa ananiangalia anasema chezeni. Nikamfuata taratibu tu, kwa adabu, nikamuuliza kaka, ile haikuwa faulo? Unajua alinijibu nini? "Mbona hukuanguka?" Nimebaki mdomo wazi. Yaani kosa limekuwa langu, kusimama!

Na msidhani ni sisi wa wikendi tu. Shaquille O'Neal wa Lakers na mwili wake ule alilia sana juu ya Vlade Divac wa Sacramento Kings, enzi hizo timu zao zilikuwa zinakutana kwenye mtoano wa NBA, ligi kuu ya basketi Marekani, kila mwaka, 2000, 2001, 2002. Shaq akirudisha mgongo kidogo, Divac huyo chini, mikono imetapanyika. Na Divac mwenyewe si mtu wa kuonewa huruma jamani, mita mbili na ushee, anaanguka kama mnazi! Lakers walipita miaka yote mitatu, lakini Shaq alitoka na kinyongo na mi namwelewa, sisi wanene tuna lugha yetu. Kusema haki Divac alikuwa anajua mpira, pasi zake zilikuwa tamu balaa, na 2019 wakamwingiza kwenye Jumba la Umaarufu, wanakoenziwa magwiji wa basketi. Ila nikikumbuka zile anguko zake nahisi na jukwaa la maigizo lilimkosa mtu.

Haya, wakubwa wa NBA wakaona aibu, msimu wa 2012-13 wakaleta faini. Mara ya kwanza onyo, ya pili dola 5,000, halafu 10,000, 15,000, 30,000, ukifika ya sita unaweza hata kufungiwa. Ukisikia hivo unasema eeh, sasa wamekomeshwa. Wapi! Kwanza wanakaa na video baada ya mechi, wakati timu iliyoonewa imeshafungwa, imeshaoga na imeshapanda ndege. Pili angalia wanamtoza nani. 2013, fainali ya ukanda wa Mashariki, Miami na Indiana, LeBron James wa Miami na wawili wa Indiana, David West na Lance Stephenson, kila mtu akapigwa dola 5,000 zake. LeBron msimu ule analipwa zaidi ya dola milioni 17! Huko si kumwadhibu mtu, ni kumuuzia leseni. Mi nikidondosha sarafu ikabingirika chini ya kabati naumia kuliko yeye, na siinami.

Ilipita miaka zaidi ya kumi ndo akili ikawajia. Kuanzia msimu wa 2023-24 ukijiangusha refa anakupa faulo ya kiufundi palepale, wapinzani wanapata mtupo huru mmoja, wanachagua wenyewe nani atupe kati ya walioko uwanjani. Tena sio lazima refa asimamishe mpira, wapinzani wako kama wako mbioni kwenda kufunga anawaacha wamalize kwanza ndo anarudi kukuhesabia. Hiyo naikubali. Sio kwamba pointi moja ni nyingi, ila inatoka mfukoni kwa timu, na wenzako wanne uwanjani wanakuona, kocha anakukodolea macho, yaani utarudi benchi ukae na nani? Hata kwenye sheria za FIBA, shirikisho la basketi la dunia, kuigiza faulo ni kosa la kiufundi, wenzetu wa huko hawajalala.

Lakini naona marefa bado wanaipuliza kwa kusuasua, na nishajua kwa nini. Refa ana nusu sekunde kuamua, na akikosea kumwita mtu mwongo wakati kaumia kweli hapo pamechafuka. Halafu akishapuliza faulo ya kawaida, ndo kajitia kitanzi, kwa sababu kuibadilisha ni kutangazia ukumbi mzima kwamba jamani nimetapeliwa. Nani anapenda kutangaza hilo? Mi nilishauziwa simu ambayo ndani ni kipande cha sabuni, nyumbani nilisema imeibwa.

Kinachowatibu hawa watu ni kuwaondolea soko, basi. Mnakumbuka zamani beki anajipanga chini kabisa ya kikapu, anasimama kama mlingoti anasubiri tu aparamiwe aanguke apewe mpira? NBA 1997 wakaweka ile nusu duara, futi nne kutoka kikapuni, FIBA nao wakaja na ya kwao ya mita 1.25, ukisimama mle ndani ukaparamiwa shauri yako, filimbi ya kuparamiwa hakuna. Hakuna aliyepigwa faini wala nini, watu wenyewe wakahama pale. Na 2021 NBA wakawageukia watupaji, wale mtu anatupa mpira mbele ila mwili unaruka pembeni kumtafuta beki amgonge, au mguu unatoka kama teke la punda. Wakaambiwa hiyo sio staili ya kutupa, hupati kitu. Mwanzoni mwa msimu ule kuna watu walikuwa wanamtazama refa kwa mshangao kama watoto walionyimwa peremende.

Sasa mi hoja yangu ni moja na hakuna anayeisema. Mnahangaika na anayeanguka, sawa, mbona aliyesimama halipwi? Mtu kashikwa, kavutwa, kaning'iniwa, kajikaza kacheza mpira, hapewi kitu, jirani yake kaguswa na upepo wa feni kapewa mitupo miwili. Hapo hata mtoto mdogo anajua achague lipi! Nyie pulizeni faulo kwa kugongwa, msipulize kwa kuanguka, muone kama kuna mtu atalala kwenye sakafu ngumu vile. Mi ningekuwa na uwezo ningeongeza na hii: umelia? Toka, kaa benchi, tukuangalie kwanza kama umeumia, mashambulizi mawili matatu yapite. Karatasi angekuwa anacheza dakika nne kwa mechi.

Basi Jumamosi iliyopita tukawa na kamechi ka ushindani, refa kavaa kabisa, filimbi mpya, na kabla ya kuanza akatutangazia kwamba leo anayejiangusha anapewa ya kiufundi. Nilifurahi! Nilimwangalia Karatasi nikacheka peke yangu. Robo ya mwisho, tumelingana pointi, nakwenda juu kuchukua ribaundi, kiwiko cha Karatasi hicho kwenye mbavu, kwaa! Sio cha mchezo, pumzi yote imetoka, mi huyu, kilo 104, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya basketi nikaenda chini. Nilianguka kama gunia linashushwa kwenye lori na kuli mwenye hasira. Ukumbi kimya. Nataka kusema nimeumia, sauti haipo, inatoka "hhhh" tu.

Nasikia mtu anakimbia, nikajua wanakuja kunisaidia. Kumbe ni Karatasi, anapita juu yangu anamwendea refa mikono imefunguka, macho yamejaa uchungu wa kweli kweli, "Refa! Umeona? Mtu mzima na mwili wote ule anaigiza!" Na refa, wallahi, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaweka mikono alama ya T. Kiufundi. Mimi! Alitupa nani? Karatasi. Uliingia haujagusa hata chuma. Tukafungwa kwa pointi hiyohiyo moja, na wenzangu kwenye gari hakuna aliyenisemesha, mmoja tu ndo alisema "na wewe braza, sasa umeanza mambo ya ajabu."

Nimefika nyumbani nikampa mke wangu kisa chote mwanzo mwisho, kiwiko, filimbi, jinsi huyu jamaa anavyoanguka na lile jicho lake moja, kacheka mpaka kakaa chini, nikadhani nimepata mtu wa upande wangu. Usiku najigeuza kitandani, mbavu zikanikamata, nikapiga ukelele. Yeye hata hakugeuka.

"Fungua jicho moja," akasema, "uone kama kuna refa."