Wale wauguzi wawili

Asante mwandishi kwa makala yako ya kuikumbusha ile ndege ndogo ya wagonjwa ya Senegalair, kampuni ya Senegal, iliyopotelea bahari ya Atlantiki tarehe 5 Septemba 2015. Ilikuwa na watu 7, wakiwemo daktari, wauguzi wawili na mgonjwa waliyemtoa Ouagadougou kumpeleka Dakar. Ilipangiwa kimo cha futi 34,000, ikawa kwenye 35,000, kimo cha Boeing 737 ya Ceiba, shirika la ndege la Guinea ya Ikweta. Wakagongana juu ya mashariki mwa Senegal. Boeing ikatua salama Malabo, Guinea ya Ikweta. Ile ndogo ya wagonjwa iliendelea kuruka kimya, redioni hakuna anayejibu, ikaipita Dakar kabisa na kwenda zake baharini. Hapo ndipo ninaposhindwa kusoma.

Mimi ni muuguzi, nimeshasindikiza wagonjwa hivyo. Magoti yamebanwa na machela, mkono uko kwenye dripu, macho hayatoki kwenye kipimo cha oksijeni. Nani atapata muda wa kuuliza kama vyombo vya rubani vinasoma kimo sawasawa? Tunapanda tu kwa kuwa mgonjwa hawezi kusubiri.

Ndugu zao hawakupata hata mwili wa kuzika. Nikifunga mkanda pembeni ya machela, nawakumbuka wale wauguzi wawili.