Mtoto mwenye ADHD kwenye kiti cha daktari wa meno

Mtoto wa miaka saba anapanda kwenye kiti, anavuta taa, anabonyeza kitufe cha kukiteremsha, anafungua mdomo na kuufumba papo hapo. Kauli inayofuata katika kliniki nyingi ni moja: "Mama, mshike mikono."

Wapo wanaoshikilia kwamba mtoto mwenye ADHD, yaani upungufu wa umakini unaoandamana na utukutu uliopitiliza, apelekwe moja kwa moja kwa bingwa wa meno ya watoto, na ikibidi apewe dawa ya usingizi ili matundu yote yazibwe kwa mkupuo. Hoja hiyo si ya kubeza, kwa kuwa mashine ya kutobolea jino huzunguka zaidi ya mara 200,000 kwa dakika, na kichwa kikigeuka ghafla, ulimi au shavu huchanika.

Hata hivyo, mabingwa hao ni wachache na wengi wako miji mikubwa. Tena mtoto aliyetibiwa akiwa usingizini hajajifunza kukaa kitini, na mwakani atarudi na hofu ileile. Mbinu ya kumweleza, kumwonyesha kisha kutenda, inayojulikana tangu 1959, haihitaji kifaa chochote: inahitaji miadi ya asubuhi, ziara fupi na agizo moja moja.

Ugumu uko kwenye kumtambua. Anayetumia methilifenideti, dawa ya ADHD, anaweza kukaukwa na mate na moyo kumwenda mbio, hivyo daktari hana budi kuuliza kabla ya kuchoma ganzi yenye adrenalini, ambayo nayo huharakisha moyo. Lakini dawa hiyo WHO ilikataa kuiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena 2021, na kwetu watoto wengi hawajawahi kupimwa. Wanaitwa watundu, basi. Kumuuliza mzazi kama mwanawe ana ADHD hakuzai kitu. Afadhali aulizwe kama mtoto humaliza kupiga mswaki bila kusimamiwa, au mwalimu hulalamikia nini.

Kwa maoni yangu, kinachopungua zaidi ni muda, kuliko elimu. Pale ambapo foleni imefika mlangoni na malipo ni kwa jino, si kwa dakika, simlaumu sana daktari anayeandika rufaa. Ila aandike humo alichokiona: mtoto alikaa dakika ngapi, alikubali kioo, akakataa sindano.