Kipimo cha damu baada ya upasuaji wa saratani: "hasi" ina uzito gani?

Mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana hatua ya pili akishapasuliwa, linabaki swali la kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani: apewe au aachwe? Wengi wameshapona kwa kisu peke yake, na kemo kwao ni mateso ya bure. Kipimo kinachosaka vipande vya DNA ya uvimbe kwenye damu kinalenga kuwatenga wachache waliobakiwa na ugonjwa.

Wanaokitetea wana hoja nzito. Utafiti wa DYNAMIC wa Australia, uliochapishwa 2022 ukiwa na wagonjwa 455, ulipima damu wiki ya 4 na ya 7 baada ya upasuaji, na waliokutwa chanya ndio waliopewa kemo. Katika kundi lililoongozwa na kipimo ni asilimia 15 tu waliopata kemo, dhidi ya 28 kwa utaratibu wa kawaida. Hata hivyo, baada ya miaka 2, asilimia 93.5 walikuwa hai bila ugonjwa kurejea, dhidi ya 92.4.

Sasa piga hesabu ya hiyo "hasi". Mililita 10 za damu hutoa takribani mililita 4 za plazima, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli. Kila mililita ikiwa na nanogramu 5 za DNA, jumla ni 20, yaani nakala 6,000 hivi za jenomu (seti nzima ya DNA). DNA ya uvimbe ikiwa 1 kwa 10,000, chupa nzima ina wastani wa nakala 0.6 ya badiliko la DNA unalolitafuta. Mashine iwe kali vipi, haisomi kisichomo! Ndiyo maana baadhi ya vipimo huanza kwa kuusoma uvimbe uliotolewa, kisha hufuatilia mabadiliko 16 kwa mpigo: 0.6 mara 16 ni karibu 10, hapo kuna cha kushika.

Mengine huharibikia maabara. Damu ikikaa kutwa kwenye chupa ya EDTA (kemikali ya kuzuia damu kuganda) bila kuzungushwa kwenye mashine ili kutenga plazima, seli nyeupe hupasuka na DNA yake huifunika ile ya uvimbe. Ukipima mapema mno, kidonda nacho humwaga DNA vivyo hivyo. Chanya pia hudanganya: seli za damu za wazee huwa na mabadiliko yake zenyewe, kwa hiyo seli nyeupe za mgonjwa zisomwe sambamba.

Hata ndani ya DYNAMIC, waliokuwa hasi wenye uvimbe wa T3 (namba huonyesha uvimbe umezama kiasi gani) walifika asilimia 94.2 bila ugonjwa kurejea kwa miaka 3; wa T4, uliokwisha kutoboa ukuta wa utumbo, 81.3. Kwa T4, basi, hasi peke yake si sababu ya kumnyima mtu kemo, na picha za CT na CEA, kipimo cha damu cha alama ya saratani, ziendelee kwa ratiba ileile.