Nimpungie Nani Mkono?

Kuna watu wanaovuka barabara bila kumtazama dereva. Mimi siwezi. Nilivyolelewa, unamtazama usoni, ukijua amekuona ndipo unavuka. Na akikupisha unampungia mkono, usipite kama mbuzi. Adabu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Siku hiyo nilikuwa nimebeba kioo. Si kile cha kunyolea ndevu. Kioo cha kabati, chenye fremu, kirefu kutoka puani kwangu hadi chini ya magoti. Mke wangu alikuwa amenituma kukichukua kwa fundi, akasisitiza nikodi gari. Nikaona ni hapo tu, hela ya nini? (Ubahili huu umeshanigharimu mara nyingi, lakini sikomi.)

Nikafika kwenye zebra nimekikumbatia kwa mikono miwili, uso wake nje, mimi nachungulia kwa juu kama jirani mmbea kwenye ua. Gari jeupe likaja, likapunguza mwendo, likasimama. Juu ya paa lilikuwa na kidude kama sufuria iliyofunikwa, kinazunguka. Jua lilikuwa linapiga kioo chake cha mbele, kwa hiyo dereva sikumwona, lakini nilijua yumo. Atakosaje?

Nikamwashiria kwa kichwa: tangulia wewe, mimi na mzigo huu nitakuchelewesha. Halikwenda. Haya, nikaanza kuvuka. Hatua mbili tu, gari likasogea kidogo, likafunga breki. Nikarudi. Likasogea tena. Nikashusha mguu, breki. Tulicheza hivyo kama mara nne, kama watu wawili waliokutana kwenye korido nyembamba, kila mmoja anampisha mwenzake upande uleule.

Sasa hivi najua tatizo lilikuwa wapi. Kile kidude cha juu hutupa miali ya leza kila upande, kisha hupima umbali kwa muda ambao mwali unatumia kwenda kugonga kitu na kurudi. Kwenye kioo mwali unadunda kama mpira na kwenda kwingine, kwa hiyo kifaa kinaweza kuona kitu pasipo na kitu, au kisione kilichopo. Bado hujaja kwenye kamera. Kwa hesabu zangu, gari lile lilikutana na gari jeupe la aina yake, limesimama nalo uso kwa uso, halafu lina miguu ya binadamu chini na macho mawili juu. Hata mimi ningefunga breki.

Lakini wakati ule sikuwa na hesabu hizo. Foleni ilikuwa imeshaanza, honi zinalia, na mimi mori ukanipanda.

"Bosi, unaniona hunioni? Pita basi! Au nipite mimi? Sema!"

Kimya.

"Wewe kijana una dharau sana!"

Kijana. Yaani nilikuwa nimeshampa na umri.

Nikakilaza kioo ubavuni, nikaenda hadi dirisha la dereva tumalizane. Hapo ndipo nilipoona usukani unajizungusha wenyewe, taratibu, kidogo kulia, ukatulia. Kitini hapana mtu. Mkanda umening'inia mahali pake, safi, kama haujawahi kumfunga mtu.

Mtu mwenye akili timamu angeelewa palepale. Mimi nikakumbuka habari niliyowahi kuisoma, ya Virginia, Marekani, mwaka 2017. Watafiti wa chuo kikuu walimvika dereva vazi lililofanana na kiti, akatoweka humo, ili waone wapita njia watafanyaje wakikutana na gari "tupu". Mwandishi wa habari mmoja akalifuata hadi dirishani, akakuta kiti kina mikono. Nikasema moyoni, aa, wamenijia na mimi. Nikagonga kioo cha dirisha.

"Toka kwenye kiti, ndugu yangu! Nimeshakuona!"

Dirisha la nyuma likashuka. Mama mmoja mtu mzima, mkoba mapajani, akanitazama kwa huruma.

"Mwanangu, unagombana na nani?"

"Na dereva, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hapo mbele hakuna mtu. Linajiendesha."

"Hakuna mtu kabisa?"

"Kabisa. Vuka basi, twende. Muda wote huu linakusubiri wewe."

Nikavuka, kioo kikiwa ubavu, na safari hii gari likatulia tuli mpaka nikafika ng'ambo. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo walikifungia kigari cha gofu macho mawili makubwa ya roboti, yanageuka kumtazama anayetaka kuvuka, ajue ameonekana. Habari hiyo iliponifikia nilicheka sana. Siku ile ningeshukuru hata kwa jicho moja, hata la kengeza.

Basi nimeshafika salama. Mama amepandisha kioo chake, kichwa kimeinamia simu. Gari likaanza kuondoka polepole mbele yangu, bila kinyongo, baada ya matusi yote yale. Likanitia haya. Na mkono wangu, ule wa kulia, mkono uliolelewa vizuri, ukanyanyuka wenyewe kutoa shukrani.

Sauti ya kioo cha kabati kikivunjika kwenye ukingo wa barabara ni ndefu kuliko unavyodhani. Kinaanza kikubwa kimoja, halafu vidogovidogo vinaendelea kukumbuka.

Mke wangu alinipokea mlangoni. Akachukua fremu, akainyanyua, akanitazama kupitia katikati yake.

"Kimevunjikaje?"

"Nilikuwa nampungia mkono aliyenipisha."

"Nani?"

Nikaangalia chini.

"Hakuna mtu."