Imani Huyu ni wa Kiume, Jamani

Haya, someni wenyewe. Jina la mtoto: IMANI. Jina la baba: sawa. Tarehe: sawa. Jinsi: KE. Hilo karatasi nimelisoma barazani, nimelisoma juani, nimempelekea na jirani mwenye miwani. KE. Mtoto mwenyewe huyu hapa kitandani, miguu juu, kama alivyozaliwa, ushahidi wote hadharani, na cheti chenye muhuri kinasema nimepata binti.

Mke wangu hata hakushtuka. "Si nilikwambia, Baba Neema?" Alikuwa anataka Brayan. Mtaani kwetu ukiita Brayan wanageuka watoto sita na mbwa wa fundi seremala.

Sasa sikilizeni. Imani si jina nililookota kwenye simu. Babu yangu alibatizwa na Wasabato kule Upareni, dini iliyoingia Giti na Wajerumani mwaka 1903. Alipojaliwa wana watatu hakuhangaika kutafuta majina, alifungua Wakorintho wa Kwanza sura ya 13 akagawa kwa zamu: Imani, Tumaini, Upendo. Madume matupu. Ba'mdogo Upendo alikuwa sajini, kaenda vita vya Kagera mwaka 1978 karudi na kovu la shavuni, nenda kamwambie huyo kwamba jina lake ni la kike. Ndiye huyo huyo aliyefungua kesi ya shamba: kwa kuwa Biblia inasema "na katika hayo lililo kuu ni upendo," basi sehemu kubwa, ile yenye mfereji, ni yake. Mzee wa baraza alikuwa mlokole, akakosa la kusema. Kesi ya mfereji inaendelea mpaka leo. Na msitucheke, Wapare tunapenda haki.

Imani ni baba yangu mzazi. Yupo Same, mzima, na kila asubuhi ananipigia: "Cheti cha mwenzangu kimetoka?" Mwenzangu ni mjukuu. Mtoto wangu wa kwanza wa kiume, jina la babu yake, hapo kuna mjadala gani? Lakini tangu lini, na nani aliitisha kikao, likaamuliwa kwamba kila binti anayezaliwa wilaya hii aitwe Imani? Kliniki nesi akiita "Mama Imani!" benchi zima linasimama. Wote wamebeba mabinti wenye hereni. Mke wangu anabaki amekaa, anajifanya hajasikia.

Mimi mwenyewe nimekua nikijaza fomu: "Nimekuuliza jina la baba, siyo la mama." Binamu yangu Tumaini alipangiwa sekondari ya wasichana. Akaenda na tranka, ndoo na godoro, matroni akampokea tranka kabla hajainua macho. Baba naye, tangu tumnunulie simu ya kisasa, ameshaungwa kwenye kundi la kitchen party ya mtu asiyemjua. Amechanga elfu ishirini na kuchagua rangi ya kitenge.

Basi, kwa heshima zote, nikavaa shati la kanisani nikampeleka kijana ofisini wakarekebishe. Ofisi siitaji. Foleni mnaijua. Nikafika dirishani jua limeshageuka upande wa pili. Ndani binti wa watu, kucha ndefu, anabonyeza kibodi kwa ncha za vidole.

"Shikamoo baba. Shida?"

"Marahaba binti yangu. Hapa pameandikwa KE. Mtoto ni ME."

Akasoma. "Imani."

"Ndiyo."

"Sasa baba, Imani si wa kike?"

"Huyu ni wa kiume."

"Yuko wapi?"

Nikamnyanyua mpaka usawa wa dirisha. Hapo ndipo nilipokumbuka mama yake alimvalisha nini. Nguo za dada yake Neema, maana bei za nguo za watoto sihitaji kumweleza mtu: sweta la waridi, kofia ya waridi, na juu ya kofia ua la kitambaa, kubwa kuliko uso wa mtoto.

Binti akatazama ua. Akanitazama mimi. "Baba, mbona mzuri hivi?"

"Wanaume wa kwetu wazuri," nikasema kwa sauti ya mwenyekiti wa kikao.

Nikatoa tangazo la kizazi la hospitali, limeandikwa ME. Akaliinua kwenye mwanga. Akaniambia ile si M, ni K imelala. Nikamwambia K hailali. Akasema mwandiko wa wodini anaujua yeye, K zao zinalala. Nikaona nipande ngazi, nikamuuliza, "Binti yangu, unamfahamu Imani Madega? Yule aliyekuwa mwenyekiti wa Yanga. Yanga nzima imeongozwa na mwanamume anaitwa Imani!"

"Mimi Simba," akasema, akarudi kwenye kibodi.

Hapo foleni ikaingilia. Mama mmoja nyuma yangu akapaza sauti: "Wangu pia Imani, huyu hapa, wa kike." Mwingine: "Na mjukuu wangu." Wa tatu hakuwa na mtoto kabisa, alifuatilia cheti cha kifo, lakini akasema Imani aliowaona yeye wote ni mabinti. Nikageuka kuomba msaada wa wanaume. Kaka mmoja mwembamba akanyoosha mkono: "Mjomba wangu alikuwa Imani."

"Yuko wapi?"

"Marehemu."

Foleni nzima ikampa pole, na kura yangu ikapotelea humo humo kwenye msiba.

Nikasema basi, tumalize ubishi, nikaanza kufungua nepi. Mlinzi akaja mbio. "Mzee! Hii ni ofisi ya umma, hatuvuani nguo hapa." Nikamwambia ni mwanangu. Akasema hata kama. Nikamwambia hata daktari alimtazama. Akasema nimrudishe kwa daktari. Mtoto, muda wote huo, analala na ua lake.

Binti akanihurumia. "Baba, jina kubadili ni rahisi kuliko jinsi. Mwongezee kidogo tu hapa nyuma. Au mwandike Emanueli, nyumbani muendelee kumwita Imani."

"Nikimwandika Emanueli, hiyo KE itaondoka?"

Akafikiri. "Hapana. Itabaki."

Yaani nitoke hapo na binti anaitwa Emanueli!

Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua akanivuta pembeni kwa upole. "Mwanangu, iache hivyo hivyo. Kwani unapungukiwa nini? Wasichana siku hizi ndio wanaosaidiwa. Ufadhili wao. Akikua akitaka siasa, viti maalum hivyo, anaingia bungeni bila kuhangaika na jimbo." Wallahi mzee hakuwa anatania. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisimama pale nikapiga hesabu.

Jibu la mwisho: niende kwa wakili nile kiapo, nipite kwa mwenyekiti wa mtaa nichukue barua, nirudi na kopi za kila kitu, na "ukija baba uulize kwanza kama mfumo upo."

Jioni nikapita kijiweni kwa kahawa. Pale yupo mwalimu mstaafu ambaye hujawahi kumletea shida asikupe mfano wa Ulaya. Akasema nisihuzunike, hata Wazungu yamewakuta. Yule John Wayne, steringi wa kauboi, mwanamume wa bastola, alizaliwa mwaka 1907 akaitwa Marion. Mwingine ni mwandishi wa Uingereza, Evelyn Waugh, mwanamume kamili, akaoa mwaka 1928, na mke naye jina lake Evelyn. Hebu fikiria mama mkwe anaita "Evelyn!" kutoka jikoni, wanainuka wawili. Nikamuuliza mwalimu, huyo kauboi alifanyaje? Akasema alibadili jina. Ahsante sana. Ushauri wa dirishani huo huo, tofauti hapa kuna kashata.

Hajamaliza. Akaniambia lawama nyingine nizipeleke Marekani. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa kwa ajili ya Waamerika Weusi, siku saba, kila siku na neno lake la Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, na ya saba, tarehe 1 Januari, Imani. Kule nako wakalipenda, wakawapa mabinti. Sasa nauliza, maneno yote hayo, mbona Kujichagulia hawakumpa mtu? Ujima lipo tu pale, halina mwenyewe. Wakaona waje moja kwa moja kwa baba yangu!

Na jina likishaenda upande ule halirudi. Hilo ndilo linalonichefua. Binti akiitwa jina la kiume watu wanasema huyo atakuwa jasiri, atakuwa rubani. Kijana akiitwa jina ambalo mabinti wamelipenda, basi hata kama limekuwepo ukoo mzima, wanamwonea huruma. Nilikuwa naisema hii kwa ukali sebuleni, nimesimama kabisa, nikasikia Neema anauliza kutoka mezani, "Kwani baba, kufanana jina na msichana ni aibu?" Nikamwambia akaoshe vyombo. Mama yake akaniangalia tu. Nikatoka nje kuangalia kama tenki la maji limejaa, na linajulikana halijajaa tangu Idi.

Zamani haya hayakuwepo kwa sababu wote tulikuwa Ndugu. Barua inakuja: "Ndugu Imani." Mume, mke, atajijua mwenyewe huko huko. Baba ana barua za miaka ya sabini, hakuna aliyemhisi vibaya. Leo kila mtu lazima awe dada au kaka hata kabla hujafungua mdomo. Ujumbe wa simu: "Mpendwa dada Imani, umeshinda." Hajashinda chochote.

Kwa wakili nimeshakwenda. Kiapo kizuri, Kiswahili cha kutisha, "mimi niliyetajwa hapo juu, mtu mzima mwenye akili timamu, naapa na kuthibitisha." Nikasoma mstari wa tatu: "kwamba Imani ni binti yangu wa kiume." Mchapaji akasema hiyo inaeleweka. Nikamwambia haieleweki. Akaichapa upya, na karatasi ya pili nikailipia mimi.

Ba'mdogo Upendo naye amepiga simu. Habari zimeshafika Same. Anataka nakala ya cheti, maana anasema kama Imani wa sasa ni wa kike, basi kwenye ile kesi ya mfereji kuna jambo jipya la kuwasilisha. Nikamwambia hiyo sheria haipo. Akasema ataiuliza.

Halafu kijana wa kopi. Nimetoa kopi za kiapo, tangazo, kadi ya kliniki na kitambulisho changu mbele na nyuma. Nikampa noti, akasema hana chenji, akanihesabia pipi. Pipi! Za mnanaa, zimeyeyuka, zimeshikana na karatasi. Tangu lini pipi ni hela ya nchi hii? Ukienda dukani na pipi kununua kiberiti watakupokea? Dukani nako wanarudishia kiberiti, genge linarudishia ndimu, juzi kondakta kanirudishia nauli kwa ahadi. Nimeziweka zote kwenye kopo la maziwa la mtoto. Likijaa nalipeleka kwa yule yule wa kopi, nimwambie anitolee nakala mia mbili, na chenji nataka noti.