Sufu Nzuri Haianzii Kwenye Mkasi

Anayetaka kujua shamba dogo la kondoo wa sufu linaendeshwaje asije siku ya kunyoa. Siku hiyo kazi kubwa imeshapita. Aje wakati majike wana mimba, malisho yamepungua, na mfugaji anazunguka zizini akiwaza nani ale nini. Hapo ndipo sufu inapotengenezwa. Nalisema hili kwa sababu naona wengi wanaoingia katika kazi hii wakiweka akili yote kwenye mikasi na mashine za kunyolea, na kidogo sana kwenye hori ya chakula.

Mimba ya kondoo huchukua takriban siku 147, miezi mitano kasoro kidogo. Ndani ya muda huo ngozi ya mwanakondoo inajenga vitundu vyote vitakavyootesha manyoya maisha yake yote. Vya kwanza vinatangulia. Vile vya baadaye, ambavyo ni vingi zaidi na ndivyo vinavyotoa nyuzi laini, hujengeka mimba ikiwa imekua. Mama akishinda njaa kipindi hicho, mtoto anazaliwa na upungufu ambao hakuna chakula kitakachouziba sawasawa, hata ukimnenepesha namna gani ukubwani. Kwa hiyo mtu anayelalamika kwamba kondoo wake wa miaka miwili hana sufu ya kutosha, mara nyingine anapaswa kuuliza mama yake alikula nini, wala si huyu anakula nini leo.

Na hata vitundu vikiwa vingi, uzi unahitaji kulishwa kila siku. Sufu ni protini, keratini, ile ile ya kucha na pembe. Mwili ukibanwa na njaa, homa au kiu, haupotezi muda na manyoya; unaokoa moyo na maini kwanza. Uzi unaoota siku hizo unakuwa mwembamba kuliko wenzake wa juu na chini, na hapo ndipo utakapokatikia.

Kuna jaribio ninalolipenda sana, na halihitaji kifaa. Chukua kishungi cha sufu, unene wa penseli tu. Kishike ncha na shina kwa vidole viwili viwili, kilete karibu na sikio, kisha kivute ghafla. Sufu nzima inalia mlio mmoja safi na kubaki ilivyo. Sufu dhaifu inapasukapasuka kama majani makavu, na ukitazama utakuta nyuzi zote zimekatikia usawa ule ule. Pima umbali kutoka kwenye ngozi hadi pale palipokatika, na utajua ni miezi gani kondoo huyo aliteseka. Pengine ni alipozaa, pengine ni pale minyoo ilipomzidi. Ikikatikia katikati ni hasara kubwa zaidi, maana vipande vyote viwili vinakuwa vifupi mno kwa kusokota uzi imara.

Ndiyo maana nashikilia kwamba mfugaji mdogo ana silaha moja ambayo mwenye maelfu ya kondoo hana: anawajua mmoja mmoja. Anajua yupi hufika wa kwanza kwenye chakula, na asipomwona mbele leo anamtafuta. Chukua minyoo inayonyonya damu tumboni, adui mkubwa wa kondoo sehemu zenye joto na unyevu. Haihitaji maabara kuitambua mapema. Unafunua kope la chini na kutazama rangi ya ndani. Nyekundu, mnyama yu salama. Ikielekea kuwa nyeupe, damu inaisha. Ipo kadi ya rangi tano iliyobuniwa Afrika Kusini kwa ajili ya kulinganisha, nayo inamsaidia mfugaji kumpa dawa anayehitaji tu, badala ya kunywesha kundi zima hadi minyoo izoee dawa. Kazi ya dakika moja kwa kila kondoo, lakini lazima uwe na mkono uliozoewa na mnyama asiyekukimbia.

Kuhusu kunyoa kwenyewe, wapo wanaosema ni ukatili na wangependa kondoo aachwe na manyoya yake. Sikubaliani nao hata kidogo. Kondoo wa sufu wamechaguliwa kizazi baada ya kizazi hadi wengi wao hawapukutishi tena manyoya. Yakiachwa yanaendelea kuota tu. Mwaka 2015 huko Australia alipatikana kondoo wa Merino, mbegu maarufu kwa sufu laini, aliyekuwa amepotea, akapewa jina la Chris, na manyoya aliyonyolewa yalikuwa na uzito wa kilo 41.1. Alikuwa anatembea kwa shida. Ukatili ni kumwacha hivyo, na ukatili mwingine ni kumnyoa kwa haraka ukimchanachana ngozi. Anyolewe akiwa mkavu, kwani sufu ikifungwa na unyevu inaota ukungu, na asiwe ameshiba, maana tumbo lililojaa linamtesa anapogeuzwa huku na huku. Mkono utulie, makali yapite karibu na ngozi mara moja. Kurudia palipokwisha kunyolewa kunatoa vipande vifupi vinavyoharibu uzi baadaye.

Halafu inakuja meza ya kuchambua, ambapo subira ya wengi huisha. Sufu ya tumbo iwekwe kando. Ya miguuni na nyuma, yenye kinyesi, itolewe bila huruma. Mbegu za magugu zinazonasa ziondolewe. Na tafadhali, nyuzi za magunia ya plastiki na kamba za kufungia majani zisikae karibu na zizi wala meza: kipande kimoja kikiingia ndani ya sufu hakishiki rangi pamoja nayo, na kitaonekana kwenye kitambaa kilichokwisha kufumwa.

Hapo nafika kwenye jambo linaloniuma. Wafugaji wadogo wengi huuza sufu ghafi kwa kilo, ikiwa na jasho, vumbi na mafuta yake yote, na mara nyingi robo hadi nusu ya uzito huo huondoka kwenye kuosha. Mnunuzi analijua hilo na bei yake imeshalipiga hesabu. Kwa uzito huwezi kushindana na mashamba makubwa. Unachoweza ni kumuuzia msokotaji manyoya mazima ya kondoo mmoja, yaliyochambuliwa, ukamweleza umri wa mnyama, urefu wa uzi na mwaka wake ulivyokwenda. Msokotaji wa mkono anataka hayo hasa, na atarudi mwaka ujao kumuulizia kondoo yule yule.

Mbegu ya kondoo nayo isichaguliwe kwa umaarufu wa jina. Merino ana uzi mwembamba sana, aghalabu chini ya maikroni 24 (maikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), lakini kwenye ardhi yenye maji kwato zake huoza upesi na manyoya yake mazito hushika magonjwa. Sufu nene ya mbegu nyingine inafaa sana kwa mazulia na mavazi ya juu, na kondoo mwenye afya anayetoa sufu nene ana faida kuliko Merino anayechechemea.

Nikiulizwa kundi liwe na ukubwa gani, jibu langu ni idadi ambayo mtu anaweza kuwafunua kope wote asubuhi moja bila kuharakisha. Wanaozidi hapo wauzwe kabla majike hawajapandwa, ili malisho yatakayobaki yawatoshe wenye mimba mpaka wazae.